Kilichojengwa Juu ya Toleo la Zamani

Tasnifu ya isimu ya Ekegusii humtoa mpangaji chapa jasho kuliko tasnifu ya hisabati. Alama za hisabati ni nyingi, lakini zilifikiriwa tangu mwanzo. Donald Knuth alipoanza kuunda TeX mwishoni mwa miaka ya 1970, kilichomsukuma ni kuona kurasa za kitabu chake zimerudi kutoka kwa wachapaji zikiwa na sura mbaya, na kitabu chenyewe kilikuwa kimejaa hisabati. Ekegusii haikuwa mezani siku hizo. Lugha hii ina irabu saba, ingawa maandishi ya kila siku huziandika kwa herufi tano. Mwanaisimu hatosheki na tano. Anataka ɛ na ɔ zionekane, na juu ya irabu anataka alama ya toni, kwa kuwa toni hubeba maana. Sasa, herufi é ipo tayari kwenye kompyuta kama kitu kimoja. Herufi ɛ́ haipo. Ni vitu viwili, herufi na kistari chake, na ni juu ya programu kukiketisha kistari mahali pake. Programu ikishindwa, kistari huangukia pembeni, kati ya herufi hii na inayofuata, na msomaji hajui toni ni ya nani.

Nimepanga tasnifu za namna hiyo mjini Kisii kwa miaka mingi. Kazi ilianza kunawiri baada ya Februari 2013, pale chuo kilichozaliwa mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapandishwa kuwa cha walimu wa sekondari mwaka 1983, kisha kikawa chini ya Egerton kuanzia 1994, kilipopewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Wanafunzi wa uzamili na uzamifu waliongezeka, na maduka ya kuchapa na kujalidi yakaongezeka nao. Wengi huja na kazi zao zikiwa zimeandikwa kwa Word, na hao hawana neno. Wachache, wa hisabati, fizikia na isimu, huja na LaTeX. Hao wachache ndio walionifundisha kwamba kusasisha programu ya kupanga chapa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujenga upya kila kilichojengwa juu ya toleo lililoondoka, na hiyo ndiyo nusu ambayo katika miji yetu hii hakuna anayeipangia muda wala fedha.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu.

Duka nililokuwa nikifanyia kazi wakati huo lilikuwa mwendo mfupi kutoka stendi ya matatu. Mashine zake zilitumia Ubuntu 20.04, na mwenye duka aliamua zihamie 22.04. Sababu zake zilikuwa nzuri. Mchana kutwa watu walikuwa wakiingia kufanya mambo ya eCitizen na kodi za KRA, na hakutaka kuwaweka kwenye mashine ambayo siku si nyingi ingeishiwa na marekebisho ya usalama. Usasishaji ulienda vizuri. Mashine ziliwaka, printa zikachapa, kivinjari kikafunguka haraka kuliko zamani. Kila mtu akaona kazi imekwisha.

Kesho yake asubuhi akaja dada mmoja wa uzamili, mtu wa upande wa Borabu, ana tasnifu ya toni katika vitenzi vya Ekegusii. Alikuwa amemaliza masahihisho ya watahini na alitaka nakala za kukabidhi. Nilipoiagiza mashine ipange kurasa, haikufika hata kwenye neno la kwanza. Ilijibu kwamba haiioni maktaba inayoitwa libicuuc.so.66.

“Wiki jana ilikuwa inafanya kazi,” aliniambia. “Na mimi sijagusa kitu, Mwalimu.”

Alisema kweli. Faili zake zilikuwa zilezile na fonti ilikuwa ileile, Charis SIL, ambayo imeundwa mahususi kwa lugha zenye alama kama zetu. Kilichobadilika kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo mwandishi wa tasnifu hana sababu ya kupafahamu.

Tulikuwa tunatumia XeTeX, injini ambayo Jonathan Kew aliitoa mwaka 2004 akiwa SIL, shirika linaloshughulika na uandikaji wa lugha ndogo ulimwenguni. XeTeX haifanyi kazi yote peke yake. Mambo ya Unicode, yaani herufi ni ipi, alama gani inashikamana na herufi gani, mstari unaweza kukatwa wapi, huyachukua kutoka kwenye maktaba ya ICU, ambayo programu nyingine nyingi huitumia pia. Na ICU hutoka upya takriban mara mbili kwa mwaka, kila mara ikipanda namba. Ubuntu 20.04 ilikuwa na ICU 66. Ubuntu 22.04 ilikuja na ICU 70. Injini iliyojengwa ikiangalia 66 huitafuta 66 kwa jina. 70 ikisimama mbele yake haiitambui.

Kijana mmoja wa pale dukani, hodari wa mashine, alishauri tuidanganye: tutengeneze jina la libicuuc.so.66 linaloelekeza kwenye faili ya 70. Kuna maktaba zinazokubali hila hiyo. ICU haikubali, na imezuia makusudi. Kila shughuli ndani yake imebandikwa namba ya toleo mwishoni mwa jina, kwa hiyo injini ya zamani itauliza shughuli yenye mkia wa 66 na kukuta mikia yote ni ya 70. Mwanzoni nilipolijua hilo niliona ni ukali usio na sababu. Siku hizi naona ni wema mkubwa. Afadhali injini ikatae kuwaka kuliko iwake na kuketisha vistari vya toni kwa kanuni ilizozielewa nusu, tasnifu ijalidiwe, iwekwe maktabani, na miaka kumi baadaye mtu ainukuu toni ambayo mwandishi hakuiandika.

Lakini swali lilibaki. Wanaotengeneza Ubuntu walikuwa wameijenga XeTeX yao upya juu ya ICU 70 kabla ya kuitoa. Mbona yetu ilikuwa bado inaitafuta 66?

Jibu lilipatikana kwenye folda ya /usr/local/bin. Pale palikuwa na XeTeX ya pili. Fundi aliyekuwepo miaka ya nyuma, ambaye alikuwa ameshahamia Nairobi, aliijenga kwa mkono kutoka kwenye msimbo kwa sababu siku hizo alihitaji toleo jipya kuliko lililokuwepo. Ilikuwa kazi safi, na iliwahudumia watu wengi. Mfumo wa kusasisha haukuwa na habari nayo, kwa sababu haukuiweka wenyewe. Uliondoa ICU ya zamani kwa haki kabisa: katika vitabu vyake, hakuna aliyekuwa akiitegemea tena. Na kwa kuwa mashine hutazama folda hiyo kwanza kabla ya ile ya mfumo, injini mpya ilikuwa imekaa nyuma bila kuitwa.

Hapa nina maoni makali. Kujenga kwa mkono si kosa. Mara nyingine ndiyo njia pekee. Ila kitu kilichojengwa kwa mkono kinahitaji karatasi yake: kimejengwa na nani, lini, juu ya maktaba zipi, na kwa sababu gani. Karatasi hiyo ingekuwa na mistari minne tu. Katika ofisi na maduka niliyopita, Kisii na Nyamira, nimekuta mashine nyingi zenye vitu vya namna hii, na karatasi kwa nadra sana. Ujuzi huondoka na mtu kwa matatu ya asubuhi, na wanaobaki wanarithi kitu kinachofanya kazi wasichojua kinasimama juu ya nini.

Tuliiondoa injini ya mkono na kuirudisha ya mfumo. Ndipo ngazi ya pili ikaanza kudai.

TeX ina kitu kinaitwa fomati. Zamani, kompyuta zilipokuwa nzito, kusoma amri zote za msingi kila unapopanga ukurasa kulichukua muda mrefu, basi Knuth akaweka njia ya injini kuzimeza amri hizo mara moja na kumwaga kumbukumbu yake yote kwenye faili. Siku inayofuata inaanzia hapo. Fomati kwa hiyo ni kumbukumbu ya injini fulani, ya siku fulani, ikiwa na amri fulani na kanuni fulani za kukata maneno. Injini nyingine ikipewa hiyo faili huikataa na kutangaza kwamba imekwama. Lazima fomati zijengwe upya, na kwenye Debian na Ubuntu jambo hilo hufanyika lenyewe: skrini inaandika kwamba inajenga fomati zote na kwamba itachukua muda kidogo. Kwenye mashine ya zamani si kidogo.

Skrini yetu ilikuwa inaonyesha maneno hayo alasiri mvua ilipoanza. Wenyeji wa nyanda hizi wanajua alasiri zetu zilivyo. Mvua hapa hunyesha karibu mwaka mzima, na radi za Kisii si hadithi. Watu na ng'ombe huuawa. Ilipasuka moja upande wa Nyanchwa, stima ikapotea, na UPS ya duka haikuhimili. Stima iliporudi, vifurushi vingine vilikuwa vimekamilika, vingine vimefunguliwa tu, na fomati moja ilikuwa faili isiyo na mwisho wake.

Mfumo uliochanwa katikati ni mgumu kuliko ulioharibika wote, kwa maana sehemu yake inafanya kazi na kukupa matumaini. Jambo la kufanya ni kutoamini chochote na kurudi chini. Kwanza tuliuamuru mfumo umalizie vifurushi vilivyobaki nusu, kwa dpkg --configure -a. Kisha tukajenga upya orodha ya majina ya faili kwa mktexlsr, kwa kuwa TeX haitafuti faili diskini moja moja. Inasoma orodha, na ambacho hakimo kwenye orodha kwake hakipo. Kisha fomati zote, kwa fmtutil-sys, hata zile zilizoonekana nzima. Kisha ramani ya fonti. Mpangilio huu haugeuzwi. Ukijenga fomati kabla ya orodha, itajengwa kwa faili za zamani ambazo bado zimeorodheshwa, na utakuwa umetengeneza kosa jipya lenye tarehe ya leo.

Ramani ya fonti nayo ilikuwa na mambo yake, ingawa hayakujitokeza siku hiyo. Yalijitokeza mteja mwingine alipoleta tasnifu ya zamani ya isimu ichapwe tena. Hiyo ilitumia TIPA, kifurushi cha alama za fonetiki kilichotengenezwa na Fukui Rei wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Ilipangika bila malalamiko yoyote. Lakini kwenye karatasi, herufi za ɛ na ɔ zilikuwa na kingo zenye meno, na zile za kawaida pembeni yake zilikuwa laini. Ramani haikuwa imejengwa upya, kwa hiyo injini haikujua kwamba kuna fonti za mistari. Ikajitengenezea za vitone, kimyakimya, na kuendelea. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya injini inayokataa kuwaka. Kwenye skrini ndogo hakuna anayeona. Inaonekana ukishika karatasi karibu na dirisha, na kwa wakati huo nakala zingeweza kuwa zimeshajalidiwa kwa jalada gumu na maandishi ya dhahabu.

Nirudi kwa tasnifu ya toni. Injini iliwaka, fomati ikakubaliwa, vistari vikaketi vizuri juu ya irabu, na marejeleo yote yakatoka kama majina-funguo yake tu, kwa herufi nzito. Marejeleo hupangwa na biber, ambayo hushirikiana na kifurushi cha biblatex, na hao wawili huenda kwa jozi: biblatex 3.14 inataka biber 2.14, na ukileta toleo jingine hawasikilizani. Jozi ya mfumo ilikuwa sawa. Shida ilikuwa kwenye folda ya mwanafunzi mwenyewe. LaTeX huacha faili saidizi pembeni ya kazi, za yaliyomo, za namba za kurasa, za maombi ya marejeleo, na zile zilikuwa zimeandikwa na toleo la zamani. Tulizifuta zote, tukapanga, tukaita biber, tukapanga tena na tena mpaka namba zikatulia. Watu husahau kwamba mnyororo wa utegemezi haukomi kwenye programu. Unashuka mpaka ndani ya folda ya mteja, na pete ya mwisho ni ukurasa wake wa yaliyomo.

Kisha tukafanya kazi ambayo hakuna mashine inayoikumbusha: tuliweka PDF ya zamani na mpya sambamba na kuzipitia ukurasa kwa ukurasa. Majedwali mawili ya vitenzi yalikuwa yamesogea, moja likaruka ukurasa. Watahini walikuwa wametoa masahihisho kwa namba za kurasa, na barua ya mwanafunzi ya kujibu masahihisho ilitaja namba hizo. Ilibidi aipitie barua yote upya. Alikuwa amechoka, lakini alipitia mstari kwa mstari, kalamu mkononi, na aliporidhika ndipo tulipochapa.

Kuna jambo ambalo lilinigusa siku hizo na sijawahi kulisahau. ICU hubeba data za lugha kutoka mradi wa CLDR, majina ya miezi na siku, namna ya kuandika tarehe na fedha. Ekegusii imo, kwa alama yake ya guz. Maktaba ileile iliyotukwamisha asubuhi ilikuwa na majina ya miezi ya lugha ya nyumbani kwetu, pamoja na Kijerumani na Kijapani. Mtu fulani alikaa akayaandika. Vitu hivi havijengwi kwa ajili ya watu wengine tu, na kwa sababu hiyo hatuwezi kuvitunza kama mali ya kuazima.

Nilipoanza kusoma jinsi wengine wanavyolishughulikia jambo hili, niliwapenda sana watu wa Debian. Maktaba kubwa kama ICU ikipanda toleo, huorodhesha vifurushi vyote vinavyoitegemea na kuvijenga upya kwa mpangilio, vya chini kwanza, na hakuna kinachopita mpaka vyote vikubali. Kifurushi kilichojengwa upya kwa njia hiyo huongezewa +b1 kwenye namba yake. Msimbo wake haukuguswa hata herufi. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini yake, na hilo peke yake linatosha. Kwa mwenye mashine ya kusaga posho hakuna haja ya maelezo marefu: ukibadilisha gurudumu la injini kwa lingine la ukubwa tofauti, mkanda mzima mzima unaung'oa na kutafuta wa kipimo kipya.

Kule Nyamira, kisa kilikuwa kifupi lakini kilifundisha kitu kingine. Mwalimu mmoja wa hisabati, upande wa Kebirigo, huandaa mitihani ya pamoja ya shule za jirani kwa LaTeX kwenye kipakatalishi chake. Yeye hakutumia vifurushi vya Ubuntu. Aliweka TeX Live yenyewe na kuisasisha kila alipopata bando. Akaamka siku moja na kila faili inakataa, ikisema faili za msingi za LaTeX hazilingani. Tangu toleo la Februari 2020, LaTeX imekimeza kifurushi cha expl3 ndani ya fomati yake, kwa hiyo faili zikiwa mpya na fomati ikiwa ya zamani, zinagongana papo hapo. Alikuwa amezijenga fomati upya kila mara kama inavyotakiwa, na bado.

“Nimejenga mpaka nimechoka, na inaleta ileile,” alisema kwenye simu.

Nilipofika kwake tulizikuta fomati mbili. Moja ya mfumo, mpya, haina kasoro. Nyingine ndani ya folda yake ya nyumbani, iliyojengwa zamani kwa mtumiaji mmoja, na hiyo ndiyo TeX huitazama kwanza. Kila alipojenga ya mfumo, ya nyumbani ilikuwa inaifunika. Watunzaji wa TeX Live waliiona hatari hii; kuanzia toleo la 2017 fmtutil na updmap hudai useme waziwazi kama unajengea mfumo mzima au wewe mwenyewe. Tuliifuta ya nyumbani, na karatasi ya pili ya hisabati ikatoka pale pale, na michoro yake ya jiometri. Duka la Kisii na chumba cha mwalimu wa Kebirigo vilikuwa na ugonjwa mmoja: kitu cha zamani kilichokaa mbele ya kipya, mahali ambapo mfumo haufiki.

Naamini idara zinazotoa tasnifu kwa lugha zetu zinapaswa kuwa na mtu anayelipwa kwa kazi hii, anayejua nini kinasimama juu ya nini, na mashine moja isiyosasishwa kati ya utetezi wa tasnifu na kukabidhi nakala. Si gharama kubwa. TeX Live yote inaenea kwenye diski ndogo ya kubeba mfukoni, na hujiweka kwenye folda yenye jina la mwaka, kwa hiyo ya 2021 na ya 2023 hukaa pamoja bila kugombana. Unachobadilisha ni njia ya kuzifikia tu. Ninapopokea tasnifu sasa, ninaandika juu ya bahasha mwaka wa TeX Live iliyoianza, namba ya toleo la fonti, na jozi ya biblatex na biber, na ninaomba LaTeX iorodheshe mwishoni mwa logi kila faili iliyosomwa pamoja na tarehe yake. Bahasha hiyo huenda na mwanafunzi pamoja na nakala zake.

Mwalimu wa Kebirigo alinipigia juzi kuuliza kama apandishe toleo jipya sasa, maana bando lilikuwa na bei nafuu. Muhula wa mitihani ya majaribio ulikuwa umeanza. Nilimwambia asubiri karatasi ya mwisho ya KCSE ikusanywe, kisha aje Kisii na diski yake, tuliweke toleo jipya pembeni ya la zamani na tupange upya mitihani yake ya mwaka jana tuone kama inatoka sawasawa.